Roubaix au Liège: mbio ipi imfae mwanamke wa Dar es Salaam?
Mwendesha baiskeli anayejifua kwenye barabara tambarare ya Bagamoyo angeweza kudhani kwamba Paris–Roubaix Femmes (mbio za baiskeli za wanawake huko Ufaransa), iliyoanza mwaka 2021 na isiyo na milima, ndiyo inayomfaa. Lakini vipande vyake vya barabara ya mawe hutikisa mikono, hutoboa matairi na huwapendelea wenye nguvu nyingi za misuli. Liège–Bastogne–Liège Femmes ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 2017, huamuliwa na vilima vinavyofuatana, kikiwemo La Redoute, na humtaka mtu mwepesi mwenye pumzi. Naichagua hii kwa moyo wote, hasa kwa kuwa Kimberley Le Court wa Mauritius, Mwafrika mwenzetu, aliishinda mwaka 2025. Miinuko ya Pugu na Kisarawe inatosha kuanzia mazoezi.