Mita ndogo nane, luku moja na friza ya Mama Kulwa: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Jengo letu liko Kiseke, Mwanza, lina fleti nane na luku moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Aliyewahi kuishi kwenye luku moja ameshanielewa. Kila wiki inaanza kulia, na kundi letu la WhatsApp linachangamka: nani hajachanga, nani alisafiri siku kumi na hataki kulipia, nani anapiga pasi usiku wa manane. Tulikuwa tunagawana sawa kwa sawa. Mzee wa chini, mstaafu mwenye redio na taa mbili, analipa sawa na Mama Kulwa wa fleti ya 4 mwenye watoto wanne, shemeji yake na friza ya sato wa biashara.

Mtunza hela nilikuwa mimi. Mwaka jana nikachoka kutukanwa, nikamwendea baba mwenye nyumba, tukakubaliana tufunge mita ndogo kila fleti, zile wengine wanaziita sabumita. Nusu ya gharama akatoa yeye, nusu tukachanga.

Nilinunua mjini, pande za Makoroboi: mita nane za ampea 60 zenye waifai, shilingi 48,000 moja. Chapa sitaji, maana utakuta majina kumi kwenye umbo lile lile. Soma maandishi ya usoni tu. Zetu zimeandikwa 1600 imp/kWh, yaani taa nyekundu inapepesa mara 1,600 ndipo uniti moja inatimia. Fundi alichukua 80,000. Tafuteni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, jamani. Wetu aligoma kabisa kugusa kitu chochote kabla ya meni swichi. Mita ya luku na lakiri yake haiguswi, mita ndogo zinakaa baada ya hapo, kwenye waya wa kila fleti.

Kabla ya kuziamini nilifanya jaribio langu. Birika langu limeandikwa wati 2,000. Jumapili mchana nikazima kila kitu ndani, nikawasha birika, nikasimama koridoni na saa ya simu nikihesabu mipepeso: 52 kwa dakika moja. Kwa hesabu ilitakiwa 53. Safi. Nikarudia saa mbili usiku nikapata 40, nikajua nimeuziwa kimeo. Fundi akacheka kwenye simu: "Dada, mita ni nzima. Saa hizo mtaa mzima umewasha, voti zinashuka, na birika linapata nguvu kidogo. Ndiyo maana chai yako ya jioni inachelewa." Kweli, wati 1,500 tu. Miaka mitatu nilikuwa nalilaumu birika.

Jaribio hilohilo likaumbua jambo jingine. Fleti ya 5 walizima kila kitu, friji wakachomoa, na taa ya mita bado inapepesa taratibu. Tukazunguka na tochi mpaka tukagundua taa za ngazi zote zimeungwa kwenye waya wao tangu nyumba inajengwa. Wale vijana walikuwa wanatumulikia wote bila kujua. Fundi akazihamishia kwenye waya wa pampu kabla hatujaanza kuhesabu mwezi wa kwanza.

Sasa hesabu yenyewe. Mwezi huo luku ilikula uniti 612. Nikajumlisha mita ndogo nane: 431. Uniti 181 ziko wapi? Kundi lilishapata jibu, kuna mtu kajiunganishia. Nikanunua mita ya tisa, ya kawaida isiyo na waifai, 22,000, ikafungwa kwenye waya wa pampu inayopandisha maji kwenye tenki la juu. Pampu peke yake ilikuwa inakula uniti tano na nusu kwa siku. Boya la tenki lilikuwa limekwama, pampu haizimi, maji yanamwagika nyuma ya jengo kwenye mawe, na sisi tukiona majani yamestawi tunasema mvua za mwaka huu nzuri. Boya jipya likaishusha hadi chini ya uniti tatu. Kwangu mimi hapo pesa ya mita ilisharudi.

Kwa wasiojua bei: kundi la T1, la watumiaji wa kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti tangu 2016, lakini ukiongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA 1 inafika 356 na senti. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28. Kundi la D1 la watumiaji wadogo, uniti 75 za kwanza ni shilingi 100, na makato yote 122. Mzee wa chini anatumia uniti 19 kwa mwezi. Angekuwa na luku yake na kuwekwa D1, angelipa kama 2,300. Kwenye luku yetu ya pamoja analipa kama 6,800, hata kwa mita ndogo, kwa sababu jengo zima linahesabiwa mteja mmoja mkubwa. Fleti saba kati ya nane ziko chini ya 75. Kwa hiyo kama mwenye nyumba wenu yuko tayari kuvuta luku kwa kila fleti, acheni habari za mita ndogo, mkazanieni hilo kwanza.

Nije kwenye programu ya simu inayosoma mita hizi kwa waifai, maana hapo ndipo nina ugomvi nayo. Kupima inapima vizuri. Kulinganisha inalinganisha vibaya. Inapanga fleti kuanzia inayokula zaidi hadi inayokula kidogo, ya kwanza inaipaka rangi nyekundu. Mimi kwa kiherehere nikapiga picha ya ukurasa nikairusha kwenye kundi. Fleti ya 4, uniti 118, nyekundu kama damu.

Jioni mlango ukagongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimekukosea nini mpaka unanitangaza kama mwizi?"

Sikuwa na jibu. Nilimkaribisha, akakataa kukaa. Usiku nikachukua kalamu. Fleti ya 4 wako sita: 118 kugawa kwa sita ni karibu 20 kwa kichwa. Mimi naishi peke yangu na mita yangu ilisoma 64. Kwa kichwa, kinara wa jengo ni mimi mtunza hela. Na najua sababu: hita ya kuogea ya wati 5,500, robo saa kila asubuhi, uniti 1.4, karibu shilingi 490 kwa kuoga mara moja. Mwanza hii, ambako hata bomba la juani linatoa vuguvugu.

Lakini hata hesabu ya vichwa haikutosha. Friji ni moja, uwe mmoja uwe sita. Na friza ya sato ni kazi inayomlipia mtu ada za watoto, huwezi kuiweka mizani moja na hita yangu. Baada ya kuhangaika nimebaki na ulinganisho mmoja tu: fleti na mwezi wake uliopita. Kila mtu namtumia namba zake mwenyewe, faragha. Ile orodha nyekundu haijaonekana tena kwenye kundi, na programu haina sehemu ya kuizima. Unaificha kwa kutokuigusa.

Kasoro nyingine. Umeme ukikatika, kisanduku cha waifai nacho kinazima, na ukirudi mita mbili lazima uziunganishe upya kwa mkono. Namba iliyo kwenye kioo cha mita haipotei, ndiyo ninayoiamini. Programu inakubali bei moja tu, haijui kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku tangu 2021, kwa hiyo ukinunua mara ya kwanza kwenye mwezi hesabu yake na yako haziwezi kukutana (kodi hiyo tunamkata mwenye nyumba kwenye pango, na hilo nalo lilikuwa na kikao chake). Mita moja ilikufa wiki ya tatu. Dukani walisema tumeiunguza sisi. Nilikwenda mara tatu ndipo wakabadilisha. Tunzeni risiti.

Ningenunua tena? Mita, ndiyo. Ila ningechukua zile za 22,000 zisizo na waifai, daftari, na kijana wa kusoma namba kila tarehe moja. Tofauti ya bei, mara nane, ni 208,000, na waifai imeniletea zaidi kelele.

Mama Kulwa alinuna wiki mbili. Kisha akaja mwenyewe, "Haya, nipimie hiyo friza." Ilikuwa 2.4 kwa siku. Tukaisogeza kutoka ukutani, tukaigandua barafu, akabadilisha mpira wa mlango uliokuwa umelegea, ikashuka hadi 1.9. Siku hizi anasoma mita yake kila asubuhi kabla ya kwenda mwaloni, anaandika kwenye kalenda pembeni ya hesabu za sato. Juzi kanigongea saa kumi na mbili asubuhi: namba imepanda kwa 0.6, anataka nije niwahoji watoto nani kaacha mlango wazi.