Uzoefu wangu na bucha linalokata nyama kwa kufuata misuli

Mabucha mengi ya Dar es Salaam humgawa ng'ombe katika mafungu machache: steki, yaani nyama yoyote isiyo na mfupa, mchanganyiko wenye mifupa, maini, utumbo, na vya supu kama mkia na kongoro. Kwa anayepika mchuzi, mgawanyo huo unatosha. Anayetaka kuchoma kipande kikiwa kizima hupata shida, kwa kuwa ndani ya kilo moja ya steki huweza kuwamo nyama ya paja, ya shingo na ya bega, ambazo haziivi kwa muda mmoja. Ndiyo sababu nimekuwa mteja wa bucha moja la Kinondoni ambalo, ukiagiza jioni ya kutangulia, hukuwekea mkono wa ng'ombe kabla haujakatwakatwa, kisha hukutolea msuli unaoutaka.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni msuli bapa unaolala upande wa nje wa kombe la bega. Katikati yake, tangu mwanzo hadi mwisho, hupita utando mweupe mgumu, na huo ndio alama yake: ukikata kwa upana ukaona mstari mweupe unaoigawa nyama sehemu mbili, basi umeupata. Kwa ajili ya utando huo, nyama hii kwa kawaida hutupwa katika fungu la mchuzi. Lakini watafiti wa vyuo vikuu vya Nebraska na Florida, nchini Marekani, walipoipima misuli ya ng'ombe mmoja mmoja, waliukuta kuwa miongoni mwa iliyo laini kabisa, ukiikaribia fileti. Fundi wa bucha hili huutoa utando kwa kisu chembamba, pasipo haraka, akakuachia vipande viwili safi ambavyo vinahitaji chumvi, pilipili manga na dakika chache tu kwenye kikaango cha moto mkali. Bei yake ni ileile ya steki ya kawaida, jambo ambalo kwangu ni neema.

Nundu yao pia ni nzuri, nayo ni nyama ambayo sisi wenye ng'ombe wa zebu tumejaliwa, kwani ng'ombe wa asili ya Ulaya hawana. Mafuta yake yamepenya katikati ya nyuzi, kwa hiyo haifai kuharakishwa. Nchini Brazili, ambako zebu wameenea sana, nundu huitwa cupim na huchomwa polepole kwa saa nyingi. Mimi huichemsha kwanza kwa moto mdogo na tangawizi, ndipo niipeleke kwenye mkaa.

Sikuridhika na huduma yao katika nyama ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Niliiagiza, nikapewa kipande kilichofanana nayo kwa rangi na wembamba, lakini nyuzi zake zilikwenda kwa urefu. Nyuzi za kiwambo ni nene na hukata upana wa ukanda. Zikienda kwa urefu, hiyo ni nyama ya ukuta wa tumbo, tamu kwa namna yake ila siyo niliyoiomba. Niliporudi kuuliza, muuzaji alikubali bila ubishi, akanieleza kwamba kiwambo hutolewa machinjioni pamoja na matumbo, na mara nyingi hakifiki dukani. Ningependa wamwambie mteja hivyo tangu anapoagiza.

Wana chumba cha baridi pia, na ninashauri kukitumia. Nyama iliyochinjwa usiku na kuuzwa asubuhi huwa bado imekakamaa, kwa hiyo huwaomba wanihifadhie ya kuchoma kwa siku mbili au tatu, na tofauti huonekana tangu kisu kinapoingia.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza aulize kipande kilikuwa kimeshikana na mfupa gani, kisha aombe kuoneshwa mahali penyewe. Kwa kidari ataoneshwa mfupa wa kifua, na nyama yenye matabaka mawili yaliyotenganishwa na mafuta. Kwa msuli wa bega ataoneshwa kombe. Katika bucha hili hawachoki kuonesha, hata asubuhi ya Jumapili foleni inapokuwa imefika barazani.