Noti za KICC: mchana safi, alfajiri mtihani

Nauza mchele, pojo na maharagwe kwa jumla pale soko la Kongowea, Mombasa, na pembeni nina kidirisha cha M-Pesa. Wateja wangu wa kwanza ni akina mama wa vioski, wanafika saa kumi alfajiri malori yanaposhusha, na taa niliyo nayo ni moja tu juu ya mizani. Hapo ndipo ninapozipima hizi noti za Kenya za 2019.

Kwa sura nazipenda nusu. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, imekataza pesa yetu kuwa na picha ya mtu, basi marais wakatoka na KICC, lile jengo la mikutano la Nairobi, likaingia. Hilo halina neno, ingawa sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta iliyoko nje ya jengo nayo ilionekana pale mbele na watu wakafikishana mahakamani. Langu mimi ni kwamba KICC hilohilo limepigwa mbele ya noti zote tano, kuanzia hamsini hadi elfu. Ukihesabu bunda kwa haraka unategemea rangi na tarakimu basi, maana picha haikwambii kitu. Uhondo wote wameuficha nyuma: nyati kwenye hamsini, chui kwenye mia, kifaru kwenye mia mbili, simba kwenye mia tano, ndovu kwenye elfu. Wangewaleta hao wanyama mbele ningewapa alama zote. Ndovu mwenyewe, kumbe, yuko pia kwenye sarafu ya ishirini. Huyo anakupa mahamri, yule wa elfu anakupa mchele wa wiki.

Tuje kwenye usalama, ndiko kunakoniuma. Mafunzo ya Benki Kuu ni mepesi: ipapase, itazame, iinamishe. Ukiinua noti kwenye mwanga unaona kichwa cha simba ndani ya karatasi, na chini yake herufi CBK, yaani Benki Kuu ya Kenya, na thamani ya noti. Ukiiinamisha, ule uzi wa usalama uliopita ndani ya noti unabadilika rangi. Kwenye mia mbili, mia tano na elfu unameta kama upinde wa mvua, na nyuma kuna mkanda wa dhahabu wenye thamani. Mchana ni kazi nzuri mno. Mpwa wangu anayenisaidia dukani alijua kuitambua elfu halali kabla hajajua kutumia mizani. Lakini alfajiri, nyuma ya gunia, na foleni inakusukuma, nani ana nafasi ya kuinamisha? Simba haonekani na dhahabu ni kijivu. Kinachobaki ni kidole gumba. Napitisha ukucha juu ya neno KENYA, nikisikia limekwaruza, noti naiweka mfukoni. Ikiwa laini kama karatasi ya daftari, mteja atanisubiri nitafute tochi ya simu, na akinuna anune.

Ndiyo sababu alama ninazozithamini kuliko zote ni zile ambazo wengi hawazitazami: michirizi iliyoinuka ukingoni, waliyowekewa wasioona. Nina mteja mmoja, mzee wa Kisauni, haoni kabisa. Anapitisha kidole ukingoni kisha ananiambia, "Mwanangu, hii ni mia mbili, mbona wanipa kama mia tano?" Hakosei, noti ikiwa mpya. Noti ikishachakaa hata yeye anaikunja na kuuliza. Na hapa pwani noti inachakaa mbio. Jasho, chumvi, unyevu, pesa inayofungwa kwenye pindo la leso. Hamsini ndiyo inayoteseka zaidi kwa sababu haipumziki, ikitoka kwa makanga inaingia kwa muuza viazi karai. Ikifika kwangu imelegea kama kitambaa, na ule mkwaruzo wa KENYA umekwisha. Zingekuwa zinaondolewa mapema, hasa hizi ndogo, sisi wa gizani tungekuwa na kinga.

Mwaka 2024 zikaja nyingine zenye sahihi ya Gavana wa Benki Kuu, Thugge, badala ya Njoroge aliyemtangulia, na uzi uliobadilishwa rangi. Picha ni zilezile, na zile za 2019 bado ni halali. Hata hivyo wateja wangu wengine walizikataa mwanzoni, wakisema uzi si ule. Tangazo lilitoka, ila wauza mboga wa alfajiri hawasomi matangazo ya benki. Karatasi moja yenye picha, ikabandikwa getini kwa soko, ingetosha.

Kwa jumla nazipa nne kwa tano mchana, mbili na nusu usiku. Na ninyi mnaonunua kwangu, msiniletee elfu iliyoungwa kwa selotepu juu ya uzi. Siipokei, hata uwe jirani.