Uzoefu wangu na hostnamectl katika kubadilisha majina ya seva

Seva tunazosimamia zilikuja na majina yaliyotungwa na mfumo wa mtoa huduma, mifuatano ya herufi na tarakimu isiyomwambia mtu kama mashine inahudumia barua pepe au hifadhidata. Kuyabadilisha nimetumia hostnamectl, amri inayokuja na systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma katika mifumo mingi ya Linux), nami naipendekeza kwa msimamizi yeyote wa Linux mwenye kazi kama hiyo.

Ubora wake mkubwa ni kutenganisha jina rasmi, linalohifadhiwa katika /etc/hostname na kutumiwa na programu, na jina la maelezo, linalokaa katika /etc/machine-info na kuruhusu nafasi na herufi kubwa. Kwa hiyo jina rasmi linabaki fupi, mfano barua-01, na maelezo marefu ya kusomwa na watu yanapata mahali pake. Badiliko huanza papo hapo bila kuwasha seva upya, ingawa baadhi ya programu zilizokwisha kuanza huendelea kutumia jina la zamani.

Upungufu ni kwamba amri hii haigusi rekodi za DNS (zinazounganisha majina na anwani za mtandao), vyeti vya TLS (vinavyothibitisha utambulisho wa seva) wala mfumo wa ufuatiliaji. Yote hayo ni kazi ya msimamizi. Mahali penye cloud-init (programu inayoiwekea seva ya wingu mipangilio inapowashwa), ni vyema kuweka preserve_hostname: true katika mipangilio yake, la sivyo jina la awali huenda likarudi seva inapowashwa tena. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa RabbitMQ, programu inayopitisha ujumbe kati ya programu nyingine kwa njia ya foleni, ambayo kwa kawaida hutumia jina la seva katika jina la folda ya data: jina likibadilika, huanza na folda tupu na foleni huonekana kama zimepotea, ilhali data ya zamani ingali kwenye diski. Seva ya namna hiyo naona ni salama zaidi kuijenga upya kwa jina jipya na kuhamisha foleni.

RFC 1178 ya mwaka 1990, waraka wa ushauri kuhusu kuchagua majina ya kompyuta, inashauri mashine isipewe jina la mradi wake. Ushauri huo ulifaa mashine zilizobadilishiwa kazi kwa miaka mingi, lakini seva pepe (zinazoendeshwa kwa programu ndani ya mashine halisi) nyingi za leo huundwa kwa kazi moja na kufutwa inapokwisha, hivyo jina la kazi linafaa kabisa. Nisichokubali ni kutia toleo la mfumo endeshi ndani ya jina, kwa kuwa hubadilika seva ingali hai.