Mahali pa Kununua Gitaa Dar es Salaam: Kuanzia Panapofaa Zaidi

Mtu anayetaka kununua gitaa Dar es Salaam kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei, kisha huuliza chapa, na ni mara chache huuliza swali ambalo kwa maoni yangu lingetangulia yote: gitaa hili limekaa katika hewa ya jiji hili kwa muda gani? Gitaa ni mbao, na mbao hunywa unyevu. Watengenezaji wengi hushauri litunzwe mahali ambapo unyevu wa hewa ni kati ya asilimia 45 na 55, ilhali sisi wa pwani huishi na unyevu unaozidi huo sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika hata viatu vilivyo kabatini huota ukungu. Gitaa lililotengenezwa kiwandani mbali, likasafirishwa ndani ya kontena na kuning'inizwa ukutani katika duka lenye kiyoyozi, bado halijaonyesha tabia yake. Litaionyesha nyumbani kwako Mbagala au Tabata, miezi miwili baada ya kulipa.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutoa hapa haufuati bei peke yake. Nimepima kila mahali kwa mambo mawili, yaani kiasi ambacho mnunuzi anaweza kulijua gitaa kabla ya kutoa fedha zake, na mtu atakayemsaidia pindi litakapoanza kusumbua. Ninawafikiria hasa wanaonunua gitaa la kwanza au la pili: kijana anayejifunza kwa ajili ya kwaya, mzazi anayemnunulia mtoto, na mtu mzima ambaye hatimaye amepata nafasi ya kutimiza hamu ya tangu utotoni.

Nafasi ya kwanza: gitaa lililotumika, kutoka kwa mpigaji

Wakazi wa jiji hili tumezoea mtumba wa nguo, lakini linapokuja suala la ala za muziki wengi huogopa kitu kilichotumika. Mimi ninaona kinyume chake. Gitaa lililopita masika mawili au matatu mikononi mwa mtu anayelipiga kila wiki limekwisha kutoa siri zake. Kama shingo yake ilikuwa ya kupinda, imekwisha kupinda. Kama gundi ya daraja, kile kipande cha mbao usoni mwa gitaa kinachoshikilia nyuzi, ilikuwa dhaifu, daraja limekwisha kuanza kunyanyuka. Na kama hayo yote hayajatokea, ipo sababu nzuri ya kuamini kwamba mbao zake zimeizoea hali ya hewa yetu.

Wauzaji wa namna hiyo wapo wengi kuliko mtu anavyodhani. Bendi za dansi kama NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo baada ya kubadili majina imefahamika kama Msondo Ngoma, au Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, zilijengwa juu ya magitaa kadhaa yanayojibizana, solo, rithimu na besi, na desturi hiyo imetuachia wapigaji wanaolijua gitaa ndani na nje. Wapo pia wapigaji wa makanisani, wanafunzi wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wahitimu wa TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, na karibu kila mmoja wao hufika siku akataka chombo kingine. Nenda mahali panapopigwa muziki wa jukwaani, subiri mapumziko, msogelee mpiga gitaa kwa adabu (na kama ni mzee, shikamoo itangulie), kisha mweleze unachotafuta na uwezo wako. Hata kama yeye hauzi, atakuwa na mwenzake anayeuza, na mara nyingi atakubali kukusindikiza kwenda kulikagua kwa malipo kidogo ambayo nakuhakikishia hutayajutia.

Ukaguzi wenyewe unahitaji utulivu wa nusu saa. Kwanza litazame gitaa kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea darajani, kama seremala anavyoutazama ubao kabla ya kuupiga randa. Shingo iliyojikunja kidogo kwa mbele haipaswi kukutisha, kwa kuwa magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo ambayo fundi huizungusha na kuinyoosha. Lakini shingo iliyojisokota, upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, iache hata ukipewa kwa nusu ya bei. Pili, chukua rula ya shule upime kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, nawe huvihesabu kuanzia kichwani). Kwa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 zinafaa. Kwa lile la nyuzi za nailoni, milimita 3 hadi 4. Nyuzi zikiwa juu zaidi ya hapo vidole vya mwanafunzi vitaumia, naye ataamini kuwa hana kipaji wakati tatizo ni chombo. Ninalisisitiza hili kwa uchungu, kwa kuwa nimewaona watoto wawili wa jirani yangu wakiliacha gitaa kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna mtu mzima aliyefikiria kupima.

Tatu, bonyeza kila uzi katika kila freti, moja baada ya nyingine, ukisikiliza sauti inayokereza au inayokufa mapema. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana wauzaji wengi hawapendi uifanye. Nne, gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upate ile sauti inayolia kama kengele, kisha bonyeza hapo hapo ulinganishe. Sauti hizo mbili zikiachana waziwazi katika programu ya kutyuni iliyo kwenye simu yako, basi gitaa hilo halitaimba sawasawa katika freti za juu hata ulityuni vipi, labda fundi alishughulikie. Mwisho, chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza chini ya daraja kwa upande wa nyuma. Kikiingia, gundi imeanza kuachia.

Kwa gitaa la umeme, lichomeke kwenye amplifaya na uzungushe vitufe vyote vya sauti. Hewa yetu ya chumvi hula sehemu za chuma, na vitufe vinavyokwaruza ni vya kawaida kabisa katika jiji hili. Tatizo hilo fundi hulimaliza kwa kusafisha. Litumie kupunguziwa bei badala ya kulikataa gitaa.

Nafasi ya pili: duka la ala lenye fundi wake

Kwa mtu asiye na mjuzi wa kumsindikiza, duka linalouza ala za muziki na vifaa vya sauti peke yake ndilo chaguo la busara, na kwake yeye ningelipandisha hadi nafasi ya kwanza. Maduka hayo hayafanani, lakini utayapima haraka kwa namna unavyopokewa. Duka zuri lina kiti kisicho na mikono, kwa sababu gitaa haliwezi kushikwa vizuri ukiwa umesimama mbele ya kaunta. Muuzaji wake hulishusha gitaa ukutani, hulityuni mwenyewe kabla ya kukukabidhi, kisha hukuachia nafasi. Akikuuliza unataka kupiga muziki gani kabla ya kukuuliza una shilingi ngapi, hapo umefika.

Yapo maduka ambayo gitaa ni la kutazamwa tu. Katika mojawapo, katikati ya jiji, niliwahi kuambiwa kwamba nikilishusha gitaa nimelinunua, na nikiwa kijana nisiyejua haki yangu nililinunua kweli bila kulipiga. Uzi wa tatu ulikuwa unakereza kutoka freti ya saba hadi ya kumi, na niliporudi niliambiwa kuwa mali iliyotoka haipokewi. Tangu hapo sijatoa fedha kwa chombo nisichokipiga, na sioni sababu yoyote ya wewe kufanya hivyo.

Dukani humo uliza mambo matatu waziwazi: kama wanaye fundi wa kurekebisha kimo cha nyuzi, kama marekebisho ya kwanza yamo ndani ya bei, na kama utaweza kulirudisha baada ya wiki sita ili lirekebishwe tena mbao zikishazoea nyumbani kwako. Swali la tatu ndilo lenye uzito. Ndani ya kiyoyozi uso wa gitaa huwa bapa. Ukishanywa unyevu hutuna kidogo, daraja hupanda, na nyuzi hupanda pamoja nalo. Muuzaji anayelijua hilo atakuelewa mara moja. Asiyelijua atakuambia gitaa lake haliharibiki.

Dai pia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la bidhaa. Bila hiyo ahadi ya dhamana ni maneno matupu.

Kuhusu chapa nitasema machache. Yamaha wamekuwa wakitengeneza magitaa yao ya mfululizo wa FG tangu mwaka 1966, na magitaa yao ya bei ya chini, kama F310 ya nyuzi za chuma na C40 ya nailoni, yana sifa moja ambayo mwanafunzi anaihitaji kuliko zote: hayatofautiani sana moja kwa jingine. Kwa gitaa la umeme, Squier ni chapa nafuu ya Fender na Epiphone ni ya Gibson. Gitaa kavu lenye uso wa ubao mmoja mzima hulia vizuri kuliko lenye uso wa tabaka zilizogandishwa, lakini lile la tabaka huvumilia unyevu zaidi, kwa hiyo mtu wa Dar anayeanza asijione amepungukiwa kulichagua. Mtoto wa miaka minane hadi kumi na mmoja mnunulie la ukubwa wa robo tatu.

Na jambo moja lisilo na mjadala: gitaa la nailoni halifungwi nyuzi za chuma. Nyuzi za nailoni kwa jumla huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 40, za chuma huvuta kwa kilo 70 au zaidi, na mbao za gitaa la nailoni hazikujengwa kubeba mzigo huo. Nimeona magitaa yaliyofungwa hivyo yakiwa bado dukani, yakisubiri kung'oka daraja. Ukiona kichwa chenye matundu mawili marefu na shingo pana, kisha nyuzi ni za chuma, ondoka.

Nafasi ya tatu: Kariakoo

Kariakoo utapata gitaa la bei ya chini kuliko mahali pengine pengi, na utalipata jipya. Ugumu ni kwamba ukifika na kuanza kuuliza barabarani utapokewa na winga, atakayekuita bosi na kukuongoza kwenye fremu ya mtu mwingine, na juu ya bei ya mwenye duka ataongeza cha juu chake. Sina kinyongo na mawinga. Ni vijana wanaotafuta riziki kwa jasho na wanalijua soko. Ila kwa bidhaa kama gitaa, anayekuuzia hana habari yoyote kuhusu shingo wala freti, na fremu yenyewe ina spika, feni na masufuria, pasipo nafasi ya kukaa wala ukimya wa kusikiliza.

Bidhaa bandia nazo ni hatari ya kweli hapa. Jina kubwa kichwani pa gitaa kwa bei ya laki na kitu linapaswa kukufanya utazame namba ya utambulisho, tahajia ya jina na umaliziaji wa kingo za freti, ambazo katika magitaa bandia mara nyingi hukwaruza kiganja. Ningekushauri afadhali ununue gitaa lenye jina usilolijua kuliko lenye jina maarufu la uongo, kwa kuwa la kwanza angalau halijaanza kwa kukudanganya. Ukigundua umeuziwa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia malalamiko ya namna hiyo.

Pamoja na hayo, Kariakoo ninaipenda kwa vifaa vya pembeni: mfuko wa kubebea, stendi, kapo (kibanio cha nyuzi shingoni) na waya. Mfuko uwe na sponji nene, hasa kwa anayepanda mwendokasi saa kumi na moja jioni.

Nafasi ya nne: matangazo ya mitandaoni

Hapa bei huvutia na picha hupendeza, na mara nyingine utakutana na mpigaji halisi anayeuza chombo chake, jambo ambalo litakurudisha kwenye nafasi ya kwanza. Kanuni ni moja: usitume fedha kwa simu kabla ya kulishika gitaa, hata kama ni "kianzio cha kulizuia". Mkutane mchana, mahali penye watu, na pawepo umeme kama gitaa ni la umeme. Muuzaji anayesisitiza kulituma kwa bodaboda hataki ulikague.

Nafasi ya tano: kuagiza nje

Kwa mpigaji aliyekomaa anayetaka modeli isiyopatikana nchini, kuagiza kuna maana. Kwa anayeanza sikupendekezi. Bei uliyoiona haina usafirishaji, ushuru wala Kodi ya Ongezeko la Thamani, na gitaa likifika limepasuka kisigino cha shingo, pale shingo inapoungana na mwili, kulirudisha kutagharimu karibu sawa na kununua jingine. Ukiagiza, lilegezwe nyuzi kabla ya kufungashwa, na likifika liache ndani ya boksi lake kwa siku nzima kabla ya kulitoa, ili joto na unyevu vilifikie polepole.

Popote utakaponunua, tenga takriban robo ya fedha zako kwa ajili ya seti mbili za nyuzi, mfuko na fundi. Nyuzi za chuma hapa hushika kutu upesi, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga. Usiliache gitaa ndani ya gari lililofungwa juani hata kwa saa moja, na lisiegemezwe kwenye ukuta wa nje, ambao wakati wa mvua huwa na ubaridi wa maji. Baada ya wiki ya sita lirudishe kwa fundi, ukiwa na ile rula yako ya shule.