Babylon 5 kwa mara ya pili: safari hii niliwafuata mabalozi

Nilipoitazama Babylon 5 mara ya kwanza nilikuwa mtu wa kuhesabu vyombo vilivyolipuka. Mabalozi wakianza kuzozana, narusha mbele. Sasa nimeirudia yote, sehemu 110 katika misimu mitano, na mambo yamegeuka: vita vikianza nainuka kujinyoosha, mabalozi wakirudi nakaa kitako.

Kwa asiyeijua, ni tamthilia ya Marekani iliyotanguliwa na filamu mwaka 1993, kisha ikaonyeshwa kuanzia 1994 hadi 1998. Kuna kituo cha angani chenye urefu wa maili tano na wakazi robo milioni, binadamu na wasio binadamu, kilichojengwa ili mataifa ya nyota yaongee badala ya kupigana. Mtunzi wake, J. Michael Straczynski, aliipanga iwe hadithi moja yenye mwanzo na mwisho, na sehemu 92 aliziandika yeye mwenyewe. Zama zile tamthilia nyingi za namna hii zilileta tatizo jipya kila wiki, na likishatatuliwa halitajwi tena. Humu deni lolote litalipwa, hata likichukua miaka mitatu.

Mwangalie Londo Mollari, balozi wa Wacentauri, dola iliyochakaa. Mlevi, mcheza kamari, nywele zimetanuka kama mkia wa tausi. Zamani nilimwona kichekesho tu. Katika sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza anasimulia ndoto ya kifo chake: yeye na G'Kar, balozi wa Wanarn, wamekabana koo. Nilidhani ni porojo za kilevi. Safari hii, nikiujua mwisho, nilirudisha nyuma nikamsikiliza tena.

Ambaye hajaitazama aruke aya hii, maana namwaga uhondo. Anakuja mtu mmoja mwenye tabasamu, Morden, akiuliza kila balozi swali lile lile: unataka nini? G'Kar anataka kisasi dhidi ya Wacentauri. Akiulizwa baada ya kisasi itakuwaje, hana jibu, na Morden anaondoka zake. Londo anataka utukufu wa kale urudi, naye ndiye anayenasa. Kisha inakuja The Coming of Shadows, sehemu iliyopata tuzo ya Hugo mwaka 1996. G'Kar amepokea salamu za majuto kutoka kwa mfalme wa Wacentauri. Kwa mara ya kwanza ana matumaini, anamtafuta Londo amnunulie kinywaji. Londo anakipokea, huku akijua kwamba shambulio aliloliagiza yeye dhidi ya Wanarn liko njiani. Zamani macho yangu yalikuwa kwa G'Kar. Sasa sikuweza kuyatoa kwenye uso wa Peter Jurasik, anayemwigiza Londo. Anahangaika kutabasamu, na uso unakataa. Andreas Katsulas, ndiye G'Kar, naye anaigiza chini ya kinyago kizima cha ngozi yenye madoa, na bado kila kitu kinapita machoni.

Kuna mtu ninayemdai radhi pia. Michael O'Hare, Kamanda Sinclair wa msimu wa kwanza, nilimwita gogo, na alipoondoka nilifurahi. Alifariki mwaka 2012, na mwaka uliofuata Straczynski akaeleza kwamba alikuwa akipambana na ugonjwa mzito wa akili wakati ule wa kurekodi. Kumtazama tena ukijua hilo ni jambo jingine kabisa. Ukakamavu ule niliouona kuwa uigizaji mbovu, sasa naona mtu anayejishikilia asianguke.

Kasoro zipo, tena si haba. Msimu wa kwanza unajikokota. Wa nne unakimbia, kwa sababu walihofia tamthilia kufungwa wakabana mambo mengi humo; ilipookolewa, msimu wa tano ukabaki na kundi la wasoma mawazo na kiongozi wao Byron, ambaye hata sasa simvumilii. Picha za kompyuta zilianza kutengenezwa kwa mashine za Amiga, na zinaonekana hivyo hivyo, kama vitu vya kuchezea. Ila ndege za Starfury bado zinanisisimua: zinageuka kinyumenyume huku zikiendelea kuteleza zilikokuwa zikielekea, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kuzizuia. Tafuta toleo lililosafishwa mwaka 2021. Lina umbo la televisheni za kale, lenye weusi pande mbili za kioo, lakini kwenye DVD picha za angani zilikatwa na kukuzwa hadi zikafifia.

Byron mruke, sitakulaumu. Usiruke Sleeping in Light, sehemu ya mwisho, iliyorekodiwa tangu wakati wa msimu wa nne kisha ikawekwa akiba. Fundi anayezima taa za kituo humo ni Straczynski mwenyewe. Mara ya kwanza nilimwona mtu tu akibonyeza swichi.