Umeme wa mkono hapa Moshi: na mashine sina ugomvi, ila yule kijana!

Tangu nipate kiharusi, mkono wa kushoto ulibaki umekunja ngumi, hata kitenge siwezi kujifunga. Nikaelekezwa kliniki moja ya mazoezi ya viungo hapa mjini, jina naliacha, wanakotumia mashine ya umeme inayoshtua misuli ili vidole vifunguke.

Kijana wa zamu akanibandika pedi za kupitishia umeme nyuma ya kigasha. Pedi zenyewe zimeisha gundi, zina nywele za watu. Akawasha, akapandisha, akatoka nje kuongea na simu. Jamani! Pedi isiposhika vizuri, umeme wote unajikusanya kwenye kipande kidogo cha ngozi, unauma kama siafu. Namwita, anachungulia mlangoni: "Vumilia mama, ndiyo dawa inaingia hiyo." Shikamoo hakunipa. Wala hakuniuliza kama nina betri ya moyo, na hilo ni swali la kuuliza kabla hata mashine haijawashwa.

Wiki kadhaa nikaendelea hivyo hivyo, nalipa, naungua. Nilishaapa kuwaambia watu wote msiende.

Halafu siku moja nikamkuta dada mwingine. Akatupa zile pedi, akanifuta mkono kwa maji, akabandika mpya, akasogeza kidogo tu. Vidole vikafunguka! Nililia mbele za watu, sioni aibu. Akasema, "Mama, usiuachie umeme kazi yote. Ukiusikia unakuja, na wewe jitahidi kufungua, maana tunaufundisha ubongo." Kumbe! Na yule mwenzake siku zote alikuwa ananiwekea runinga niangalie! Hasira ikanipanda upya.

Kwenye kulipa wakaanza kuninadia umeme wa kichwani. Huo ni mkondo mdogo sana unaopitishwa juu ya ngozi ya kichwa, na tafiti zake mpaka leo zinapishana. Wakachomekea eti Marekani wameshauidhinisha kwa mkono wa kiharusi. Uongo. Kilichoidhinishwa kule mwaka 2021 ni kitu kingine: unapasuliwa, unawekewa kifaa kifuani, waya unakwenda kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni, na mazoezi bado unayafanya. Nikawauliza, pedi mpya zimewashinda, ubongo wangu mtauweza?

Nyota moja. Haya, tatu, kwa ajili ya yule dada, maana juzi nimeshika kikombe na, kigumu zaidi, nikaweza kukiachia. Lakini nikifika nikamkuta yule kijana ndiye yuko zamu, naita bodaboda narudi zangu Pasua.